Nani Alileta Ugonjwa wa SS Nyumbani?



Mara nyingi katika mafundisho ya hospitali tunasema habari za maji safi, choo na mbu. Leo nataka kusema habari za jambo lililo ndani ya damu yetu wenyewe. Jambo hilo linavunja nyumba nyingi, na katika nyumba hizo ziko za Wakristo pia.

Nasema juu ya ugonjwa wa SS. Waganga wa hospitali wanauita drepanositozi. Jirani zetu wa Tanzania wanauita selimundu. Mtoto mwenye ugonjwa huu anazaliwa kama watoto wengine, na miezi ya kwanza anaonekana mzima. Akifikia karibu miezi sita, au baadaye kidogo, mikono na miguu inaanza kuvimba. Analia kwa uchungu wa mifupa. Macho yanakuwa ya manjano, na damu inapungua. Anapona, kisha anaugua tena. Ndipo watu wa ukoo wanakusanyika na kuulizana: Nani alileta ugonjwa huu nyumbani?

Mara nyingi jibu lao limekwisha kuwa tayari kabla ya swali. Wanasema ni mama. Au ni bibi mzee aliyebaki peke yake mwisho wa kijiji. Mama anarudishwa kwao, mzee anafukuzwa, na mtoto anabaki na uchungu wake.

Mimi nasema jibu hilo ni la uongo, na kanisa lisilikubali hata kidogo. Ugonjwa wa SS unatoka kwa baba na kwa mama, sawasawa. Nao wazazi hawakuutaka wala hawakuujua. Walipokea alama katika damu kutoka kwa wazee wao wa kale, na alama hiyo ilidumu katika nchi zetu kwa sababu iliwaokoa watoto wengi wasife kwa malaria. Nataka kuwaonyesha jambo hili polepole, kisha niseme yatupasayo kufanya.

Damu za watu si moja

Mmeona wenyewe kwamba watoto wawili wa nyumba moja wanaweza kulala kitanda kimoja na kuumwa na mbu wale wale. Mmoja anapata homa ya siku mbili, kisha anakwenda kucheza. Mwingine anapata degedege, anazimia, na kabla ya asubuhi amekufa. Watu wanasema, “Huyu amelogwa, maana kwa nini yeye na si ndugu yake?”

Swali hilo si baya. Sababu ni nyingi. Labda mmoja ni mdogo zaidi, au ana njaa, au alichelewa kuletwa hospitalini. Lakini iko sababu nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni damu aliyozaliwa nayo.

Katika damu mna vichembe vyekundu vidogo sana, vya mviringo na laini. Kazi yao ni kuchukua hewa njema kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Ndani ya kila kichembe mna kitu kinachoshika hewa hiyo, jina lake hemoglobini. Kila mtu alipokea maagizo mawili ya kutengeneza hemoglobini yake, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Agizo la kawaida tunaliita A. Liko agizo jingine lililobadilika kidogo, tunaliita S. Basi kuna watu wa namna tatu: AA, ambao wana A mbili, AS, ambao wana moja ya kila namna, na SS, ambao walipokea S kwa baba na S kwa mama.

Mabadiliko hayo ni madogo ajabu. Katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram, aliyefanya kazi Cambridge huko Uingereza, alionyesha kwamba katika mnyororo mrefu wa hemoglobini ni kipande kimoja tu kilichobadilishwa na kingine. Lakini kwa mtu wa SS matokeo ni makubwa. Hewa ikipungua, vichembe vyake vinajipinda kama mundu wa kukatia majani. Vinakuwa vigumu, vinaziba njia ndogo za damu, na hapo ndipo uchungu unapotoka. Tena vinavunjika upesi. Kichembe cha mtu mzima kinaishi siku 120 hivi, lakini cha mtu wa SS kinaishi siku 10 mpaka 20 tu. Ndiyo sababu damu inapungua na macho yanakuwa manjano.

Mtu wa AS si mgonjwa. Analima, anazaa, anacheza mpira, na anaweza kuzeeka bila kujua hata siku moja kwamba ana S. Hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Kwa nini S haikwisha?

Sasa fikirini neno hili. Tangu zamani watoto wengi wa SS walikufa kabla ya kuwa watu wazima, nao hawakuacha uzao. Ingefaa S ipungue kila kizazi mpaka iishe. Lakini haikuisha. Katika Kongo waganga wanahesabu kwamba karibu watu 20 mpaka 25 katika kila 100 ni AS. Kwa hesabu ya wataalamu, katika mwaka 2010 peke yake walizaliwa Kongo watoto wa SS karibu 40,000. Kwa nini?

Aliyeonyesha sababu wazi ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Katika mwaka 1949 alipima damu za watu wa sehemu nyingi za Kenya. Akaona kwamba pwani na karibu na ziwa Victoria, penye malaria nyingi, watu wengi wana S. Lakini katika nchi za juu zenye baridi, pasipo mbu wengi, ni wachache sana. Katika mwaka 1953 akapima watoto 290 huko Uganda. Kati ya watoto 247 wasio na S, 113 walikuwa na wadudu wa malaria katika damu. Kati ya watoto 43 wenye S, ni 12 tu. Akatangaza habari hiyo katika mwaka 1954. Katika miaka ile ile ya 1950 waganga wawili Wabelgiji, Lambotte na Legrand, mume na mke, walikuwa wakitunza watoto wa SS katika mji wa Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, nao pia waliandika juu ya S na malaria.

Tangu hapo wengi wamepima tena, na neno limesimama. Mtoto wa AS anaweza kupata homa ya malaria, lakini hatari ya kupata malaria ile kali, ya degedege na ya kumaliza damu, inapungua kwake karibu mara tisa katika kumi. Mdudu wa malaria akiingia katika kichembe chenye S hakui vizuri, na mwili unakiondoa kichembe hicho upesi.

Akina mama wanaolima muhogo watafahamu vizuri. Muhogo mchungu unakaa shambani salama kuliko muhogo mtamu, maana nguruwe wa porini na panya hawaupendi. Uchungu ule unalinda chakula cha nyumba. Lakini uchungu ule ule, muhogo usipolowekwa siku za kutosha, unaleta sumu inayolemaza miguu. Kitu kimoja kinalinda, nacho kinadhuru. Ndivyo ilivyo S. Ikiwa moja, inamlinda mtoto na malaria kali. Zikiwa mbili, zinaleta ugonjwa.

Wala mtu asiseme hii ni aibu ya watu weusi. S inaonekana pia Ugiriki, Italia, Arabuni na Uhindi, mahali ambapo malaria ilikuwako au iko hata sasa. Kando ya bahari ya Mediterania wako wengi wenye ugonjwa mwingine wa damu, jina lake talasemia, uliodumu kwa sababu hiyo hiyo ya malaria. Tena ziko alama zisizoleta ugonjwa. Watu wengi sana wa Afrika ya Kati hawana katika vichembe vyao alama inayoitwa Duffy, na kwa sababu hiyo aina moja ya malaria, jina lake vivaksi, inawashika mara chache sana; jambo hilo lilijulikana katika mwaka 1976. Kila taifa limebeba katika damu kumbukumbu ya magonjwa yaliyopigana na wazee wake.

Lakini angalieni sana: ulinzi huu ni wa AS, si wa SS. Wengine wamesikia nusu ya habari, wakasema, “Mtoto wangu ni SS, malaria haimwezi.” Huo ni udanganyifu unaoua. Mtoto wa SS tangu mwanzo ana damu kidogo. Malaria ikija na kuvunja hata kidogo hicho, anaweza kufa kwa siku moja. Tena wengu wake, ambao ni mlinzi wa damu, unaharibika mapema, na magonjwa mengine yanapata mlango wazi.

Maneno tuyaache

Neno la kwanza la kuacha ni hili: “Mama ndiye aliyeleta.” Haiwezekani. Chukua maharagwe, uyaweke mezani. Mpe baba jeupe moja na jekundu moja. Mpe mama vile vile. Kila mmoja afumbe macho, atoe moja. Yakitoka meupe mawili, mtoto ni AA. Yakitoka moja jeupe na moja jekundu, ni AS. Yakitoka mekundu mawili, ni SS. Bila jekundu la baba, mama peke yake hawezi kumzaa mtoto wa SS. Anayemfukuza mkewe kwa neno hili anajihukumu mwenyewe.

Tena, kila mimba maharagwe yanarudi mkononi na kutolewa upya. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mtoto ana sehemu moja katika nne ya kuwa SS. Wengine wanafikiri, “Wa kwanza alikuwa SS, basi watatu wanaofuata watakuwa wazima.” Sivyo. Wanaweza kuzaliwa wazima wote, au wagonjwa wawili kwa mfululizo. Maharagwe hayakumbuki yaliyotoka jana.

Neno la pili: “Katika ukoo wetu ugonjwa huu haukuwako.” Haukuonekana, lakini S ilikuwako. Ilipita kimya kwa watu wa AS, kutoka babu mpaka mjukuu, mpaka ilipokutana na S nyingine. Tena watoto wengi wa zamani waliokufa kwa “homa” walikuwa SS, wala hakuna aliyepima.

Neno la tatu: “Amelogwa,” au “Ni laana ya dhambi ya wazazi.” Hapa nawaambia ninyi wazee wa kanisa. Mnajua habari ya kipofu tangu kuzaliwa katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi waliuliza kama aliyekosa ni yeye au wazazi wake, na Bwana alikataa yote mawili. Basi kwa nini sisi tunafungua tena shauri alilolifunga Yeye? Mufumu atachukua mbuzi na fedha, atataja jina la mtu, na mtoto ataendelea kulia usiku. Siku zile zilizopotea kwa mufumu ndizo siku ambazo angetibiwa.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, vijana wapimwe damu mapema, kabla ya mahari, kabla mioyo haijafungwa. Nasema mapema, maana kijana akipimwa wiki moja kabla ya arusi, majibu hayamsaidii, yanamtesa tu. Ombeni kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS. Katika dispensari nyingi kuna kipimo cha Emmel, tone la damu chini ya kioo. Kinaonyesha kwamba S iko, lakini hakisemi kama mtu ni AS au SS. Siku hizi viko vipimo vya tone la kidole vinavyotoa jibu kwa dakika chache, na katika hospitali kubwa kipimo kinachoitwa elektroforezi. Mtu aliyeongezewa damu asipimwe upesi. Angoje miezi mitatu hivi, maana damu ya mwingine inadanganya kipimo.

Wengine wanasema kupima damu ni kukosa imani. Mimi sioni hivyo. Dereva wa kamio akifika kwenye daraja la miti anashuka, anatazama magogo, ndipo anapita. Abiria hawamwiti mtu asiye na imani. Wanamshukuru.

Wengine wanataka zaidi. Wanataka kanisa likataze kabisa AS wawili wasioane. Najua wanasema hivyo kwa huruma, maana wameona makaburi madogo. Lakini sikubaliani nao. Tukiweka amri hiyo, watu wataficha majibu na kununua karatasi za uongo, na msichana wa AS atachekwa kama mgonjwa, naye si mgonjwa. Kazi yetu ni kufundisha. Wajue, wafikiri, washauriane na munganga na mchungaji, kisha wachague wakiwa wamefumbua macho. AS akioana na AA, hawatazaa mtoto wa SS. Hilo linatosha kumsaidia kijana mwenye hekima. Na wale waliokwisha kuoana wasiachane kwa sababu ya herufi mbili. Kiapo chao ni kikubwa kuliko S.

Pili, mtoto wa SS atunzwe, maana anaweza kuishi. Zamani watu walisema, “Huyu ni wa kufa, tusipoteze fedha.” Neno hili limekwisha kuwa la uongo. Apimwe akiwa mchanga, kabla ya uchungu kuanza, kama hospitali ina kipimo cha kutenganisha. Alale katika chandarua kila usiku, na apewe dawa ya kuzuia malaria kama munganga anavyoagiza. Apewe penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, na chanjo zote, hasa ile ya kuzuia ugonjwa wa mapafu. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, apate asidi foliki ya kusaidia damu. Mama ajifunze kupapasa tumbo upande wa kushoto. Wengu ukivimba ghafula, au mtoto akiwa mweupe midomoni, au akipata homa, aletwe siku ile ile. Asingoje kesho. Wala msimnunulie vidonge sokoni kwa kubahatisha. Ziko damu ambazo dawa fulani ya malaria, kama primakini, inazivunja.

Iko pia dawa inayoitwa hidroksiyurea. Watu wengine walidhani haifai katika nchi zenye malaria nyingi. Lakini katika mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya kazi iliyofanywa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kinshasa, Luanda, Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Munganga Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa. Watoto waliopewa dawa hiyo walipata uchungu mara chache zaidi kuliko kabla ya kuianza, waliongezewa damu mara chache, malaria ilipungua, na vifo vikapungua. Dawa hii inatolewa na munganga anayepima damu mara kwa mara. Ulizeni habari zake.

Tatu, mtu wa AS asijivune wala asiogope. Asiache chandarua kwa kusema, “Mimi nina ulinzi.” Ulinzi wake si kamili, na mbu anayemuuma yeye atakwenda kumuuma mtoto wa jirani. Akipata homa, apimwe kama wengine.

Nne, baba na mama wote wawili waje hospitalini na mtoto. Nimeona mara nyingi mama akija peke yake, na mtoto mgongoni, na kikapu kichwani, naye ametembea tangu usiku. Nikimwuliza, “Baba yuko wapi?” anatazama chini. Ninyi akina baba, nusu ya damu ile ni yenu. Basi nusu ya safari iwe yenu, na nusu ya usiku wa kukesha, na nusu ya gharama.

Na ninyi wakubwa wa koo, mtakapoketi kuulizana ni nani aliyeleta ugonjwa, mwiteni kwanza mwuguzi au mwalimu wa afya aje na maharagwe yake. Mwacheni mama mzazi akae karibu na mtoto wake, na bibi mzee akae nyumbani mwake kwa amani. Kisha hesabuni pamoja ni nani atanunua chandarua, ni nani atalipa dawa ya mwezi huu, na ni nani atamchukua mtoto hospitalini homa ikija usiku.

Bwana awape hekima, na awahurumie watoto wetu.